Pango la Plasta

Hata mwezi haujaisha tangu nistaafu, na karakana ya makumbusho imeshanipigia simu mara kadhaa kuuliza ndoo kubwa iko wapi. Ndoo iko pale pale, nyuma ya mlango; ukiufungua, mlango unaificha. Baraka, Mkongo aliyerithi meza yangu, ndiye aliyeniambia, "Papa Hamisi, bora uandike yote mu kitabu, juu siye tunasumbuka." Nikamjibu kwamba Kiingereza changu cha kuandika ni cha kujaza kadi za wagonjwa. Akasema, "Andika na Kiswahili. Wenye watafanya hii kazi tunasikia Kiswahili." Basi, Baraka, na wewe Wanjiru uliye karakanani naye, na wengine mtakaokuja, ndiyo haya. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara anaujua mke wangu. Nitawaeleza nilivyoanza, kisha nitawaeleza pango, kwa sababu ndilo mlilokuwa mkiniulizia kila chai ya saa nne, na kwa sababu ya yule bibi aliyetaka kulishika mara moja zaidi kabla hajafa.

Plasta niliianza kwetu Tanga, hospitalini, katika chumba cha kufungia mifupa. Walioanguka minazi, waliogongwa na pikipiki, waliopigana harusini, wote walipita mikononi mwangu wakatoka na hogo la plasta. Mwanahawa, mke wangu, alikuwa muuguzi wodi ya jirani. Yeye ndiye aliyepata kazi Sydney. Mimi nilikuja kama mzigo wa ziada kwenye begi lake, na mpaka leo ananikumbusha. Tukapanga nyumba Quakers Hill, na baada ya kuhangaika na vyeti nikapata zamu za usaidizi katika chumba cha plasta cha hospitali moja. Nilidhani nitazeekea humo.

Siku moja akaletwa mzee wa Kilebanoni kutoka Bankstown, kavunjika kiwiko cha mkono kwa kuanguka ngazi. Jina lake Elias. Wagonjwa wengine huangalia ukutani wakati wa kufungwa. Yeye aliniangalia mikono. Nilipomaliza akauliza, "Nani kakufundisha kutumia maji machache hivi?" Nikamwambia ni wagonjwa wa Tanga, maana maji yenyewe yalikuwa ya kuchota. Akacheka mpaka akaumia. Kumbe yeye ndiye fundi mkuu wa kumimina sanamu kwenye makumbusho, na hilo hogo nililomfunga limemwacha na mkono mmoja. "Njoo uwe wa pili," akasema. Kwetu tunasema mkono mmoja haulei mwana. Nikaenda kujaribu, nikakaa mpaka mvi.

Siku ya kwanza karakanani nilifungua robota nikapigwa na harufu ya nyumbani. Katani! Nilikuwa sijui kwamba mafundi wa plasta wa Australia wanaitia katani ndani ili isipasuke. Utoto wangu wote nilisoma kwa bidii nisije nikaishia kwenye mashamba ya katani, na sasa imenisubiri huku ng'ambo. Siku hiyohiyo Elias akanipa brashi. Nikaigeuzageuza, nikamwuliza ni nywele za mnyama gani. Hakuuliza kwa nini. Aliirudisha kabatini, akatoa ya nailoni, akasema Bankstown yote ina majirani Waislamu na yeye si mgeni wa mambo hayo. Kuanzia siku hiyo nilimwita mwalimu.

Somo lake la kwanza nawapa bure. Maji kwanza, plasta baadaye, siyo kinyume. Nyunyiza unga kwa mkono mpaka uone visiwa vikavu vimesimama juu ya maji, kisha acha. Wenye haraka hukoroga hapo, na ndio wenye sanamu zenye chunusi. Ukishaacha inywe, koroga kwa kiganja chini kabisa ya bakuli, taratibu, usiingize hewa. Mimina tabaka jembamba, ligonge, weka katani, mimina tena. Kisha weka mkono juu yake. Plasta ikiganda hupata joto, na joto likishaondoka ndipo unafungua kalibu, lile umbo ulilomiminia. Vijana wa siku hizi mnatumia saa ya simu. Saa ya simu haijui kama leo kuna baridi.

Kazi ngumu zilikuwepo. Tulimimina mfupa wa sikio la nyangumi ambao ulikatika mara nne, na Elias akaupa jina la mama mkwe wake. Tulimimina gamba la kobe la watoto wa shule kupanda, nao wakalivunja asubuhi ya kwanza, tukamimina jingine nene zaidi, nalo wakalivunja alasiri, tukamimina la tatu. Elias alistaafu, akawa anakuja Alhamisi kunywa kahawa na kukosoa, kisha Alhamisi moja hakuja. Tulimzika mvua ikinyesha. Nilimpenda mzee yule, na nilipobaki na karakana peke yangu niliiona kubwa kuliko inavyofaa, mpaka Baraka alipoletwa kutoka kazi ya ghala, mabega mapana na maswali mengi.

Sasa pango. Kirsty, msimamizi wa maonyesho, aliingia na kompyuta mkononi na furaha ya mtu anayekuletea kazi. Makumbusho yalitaka kuonyesha jinsi mahali pamoja panavyoweza kuwa patakatifu kwa dini nyingi, na walichagua pango la kuchongwa kwenye mwamba kusini mwa India, kazi ya Wajaini wa kale, watu wa dini moja ya huko. Wataalamu walikuwa wamelipiga picha za leza kila upande. Mashine ingechonga umbo lake kwenye sponji ngumu, na sisi tungelivika ngozi ya plasta na rangi mpaka lionekane jiwe. Ukuta mzima, sanamu tatu, na sakafu yenye vitanda vya mawe.

Baraka aliziangalia picha akasita. Yeye ni mtu wa kanisa, kila Jumapili yuko mbele na kinanda. "Papa, njo miungu ya watu hii. Pasta akiniuliza nitasema nini?" Nikamwambia mimi ni Hamisi mwana wa Bakari, na bado sijakimbia. Tukakubaliana kwamba sisi tunatengeneza ukuta, na ukuta hauna dini. Kisha, kwa kuwa tulitaka kuwa waungwana kwa watu wa dini nyingine, tukaamua kuisafisha karakana. Tukaondoa brashi za nguruwe zilizobaki tangu enzi za Elias, tukaondoa gundi ya ngozi ya ng'ombe, kwa sababu tulijua Wahindi na ng'ombe. Kupaka plasta isinyonye rangi tukatumia shelaki bora, na kung'arisha tukatumia nta safi ya nyuki. Nikasimama katikati ya karakana nikajisifu kwamba sasa hata sheikh mkuu angeweza kula chakula kwenye meza hii.

Tulikuwa tumeshamaliza sanamu mbili za pembeni na ganda la nje la ile ya katikati, linang'aa vizuri, alipokuja Mama Sulochana. Makumbusho yalimwomba awe mshauri. Ni mfamasia mstaafu, Mtamil wa dini ya Kijaini, na hao ni wachache hata huko kwao. Kijiji chake kiko chini ya kilima chenye pango lile. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na cha kwao, na baada ya kikombe cha kwanza akaanza kuniita *anna*, yaani kaka. Nikampa ndoo iliyopinduliwa akakaa, akaziangalia sanamu moja moja.

"Nimekuja kwa ajili ya mama yangu," akasema. "Anasafishwa damu kwa mashine kule hospitali ya Westmead. India hawezi tena kufika. Nimemwahidi atalishika pango lake mara moja zaidi."

"Anajua kwamba hili ni plasta?" nikamwuliza.

"Anajua. Aliniambia hata lile ni jiwe tu."

Ndipo akanihadithia, na mimi nawahadithia nilivyoipokea hadithi. Zamani sana watawa wa Kijaini walipanda kile kilima wakachonga vitanda kwenye mwamba, wakavisugua mpaka vikawa laini. Ukutani wakachonga walimu wao wakuu: wameketi miguu imekunjwa, mkono wa kulia juu ya wa kushoto mapajani, mwavuli wa ngazi tatu juu ya kichwa, na mwilini hawana hata uzi, kwa sababu anayeiacha dunia haachi nusu. Karne zikapita, Wajaini wakapungua. Wahindu wa vijijini wakamkuta yule wa katikati ametulia pangoni bila wa kumtunza, wakaona si vizuri kumwacha hivyo. Hawakumvunja. Walimpaka chokaa na manjano, wakamvika sari nyekundu, akawa Mama wa Kilima, mwenye kuwalinda watoto na ndui. Kila kizazi kikaongeza chokaa juu ya chokaa, mafuta juu ya mafuta, mpaka yule wa ndani akazama kabisa. Chini ya ngazi akazikwa walii wa Kiislamu, kaburi lina kitambaa cha kijani, na mwenye kupanda huanza kwake kwa ubani.

"Kwa hiyo mwenye mtoto mgonjwa hupita kwa wote watatu?" nikauliza.

"Wanne," akasema, "ukimhesabu na daktari."

Nilicheka sana, maana nilikuwa nimefika nyumbani. Kwetu kuna mapango ya Amboni, na nawajua watu wasiokosa safu ya kwanza msikitini ambao, mtoto akishikwa na homa isiyoeleweka, hupeleka marashi na kitambaa chekundu pangoni, na ukiwauliza wanasema walikwenda kuangalia popo. Baraka, aliyekuwa akisikiliza huku akinyunyizia dawa msafara wa sisimizi chini ya dirisha, akasema kwao Bukavu hakuna mambo hayo, kisha akafikiri, akasema, "Bon, yako kidogo."

"Na ninyi Wajaini wa kijijini?" nikamwuliza Sulochana.

"Tulipanda pamoja nao siku ya sikukuu yao. Wao walimwinamia Mama, sisi tuliinama pembeni yao tukimwinamia aliye ndani. Watu wote walijua. Hakuna aliyesema." Akanionyesha kwenye picha doa jeusi, ubavuni mwa Mama wa Kilima, chini ya sari. "Hapa mvua ilikula chokaa, pakawa na tundu. Mama yangu alipokuwa mdogo, watoto wa Kijaini walikuwa wakipenyeza mkono wanamshika mapajani. Hawajawahi kumwona uso. Wanamjua kwa mkono."

Sasa mfamasia hawezi kupita chupa bila kusoma lebo. Aliposimama kuondoka akachukua kopo la nta, akasoma. Akachukua la shelaki, akasoma. Mimi nikajiweka sawa nipokee sifa. "Hii ni ya nyuki?" akauliza. Nikasema ndiyo, safi kabisa. "Na hii ya wadudu wa lakiri?" Nikasema hiyo hiyo, inatoka kwao India, bora haipo. Akaliweka kopo chini taratibu. Akamwangalia Baraka na dawa yake ya sisimizi. Baraka akaificha nyuma ya mgongo, lakini harufu ilikuwa imeshaenea karakana nzima.

Dini yao, ndugu zangu, haimdhuru kiumbe, na kiumbe kwao hakianzii kwa ng'ombe. Asali hawagusi, kwa sababu ya nyuki. Watawa wao hufagia njia mbele yao wasije wakakanyaga mdudu. Na sisi tulikuwa tumempaka mwalimu wao jasho la nyuki na kifo cha wadudu maelfu kwa maelfu, tukang'arisha. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefarijika. Alisema tu, "Makumbusho ni yenu, anna, siwezi kuwazuia. Ila mama yangu simleti."

Shelaki ikishanywewa na plasta haitoki. Nilimweleza Kirsty kwamba ni lazima tuvue ngozi yote tumimine upya, naye uso ukawa wa nyanya. "Hamisi, nani atajua?" Nikamwambia yule mama anajua, na mimi najua, na Baraka hawezi kutunza siri. Akatembea mpaka dirishani akarudi. Kirsty ana moyo mzuri, ila ratiba humtangulia. "Mtamaliza kabla ya ufunguzi?" Baraka akajibu kabla yangu: "Boss, tunaanza leo. Saturday nitakuja, Sunday tu hapana, niko na Mungu." Kirsty akacheka, na hapo nikajua tumepona.

Tukavunja kazi yetu wenyewe kwa nyundo. Sisimizi nao wakapata hadhi: Baraka alikuwa akiwakusanya kwa karatasi na brashi laini ya nailoni, anawatoa nje bustanini, anawahubiria wasirudi. Walirudi. Shelaki tukaibadili kwa akriliki, tabaka mbili nyembamba. Kazi ilikuwa kupata ule mng'ao wa jiwe lililopakwa mafuta karne nyingi. Nikajaribu mafuta ya nazi kwa kiburi cha mtu wa pwani. Yakavunda wiki hiyohiyo. Baraka akaleta mawese kutoka duka la Waafrika, tukapata Mama wa Kilima wa rangi ya chungwa. Mwisho tukaipata nta inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazi fulani wa Brazili. Ni ngumu, inataka joto na bega. Ipo rafu ya juu, kopo la kijani, na msiitumie kung'arishia viatu, Wanjiru, nilikuona.

Aliposikia tumevunja, Sulochana akarudi, akawa anakuja kila wiki. Mara nyingine alimleta rafiki yake Kandasamy, Mhindu, dereva mstaafu wa treni, aje amsemee Mama wa Kilima. Nilidhani watagombana. Waligombana kweli, lakini juu ya nani kati yao anajua njia fupi ya kutoka Westmead mpaka mjini. Tulipofikia macho ndipo sisi tukakwama. Mama wa Kilima ana macho ya fedha, na Baraka akasema hapo pasta hatamsamehe, na mimi nikagundua ghafla kwamba nina swala. Kandasamy akacheka. Akasema kwao sanamu bila kufunguliwa macho kwa ibada ni udongo tu, na yeye mwenyewe asingependa macho yafunguliwe kwenye jengo lenye duka la zawadi. Tuyaache bila fedha. Kwa hiyo Mwislamu, Mlokole na Mhindu wakakubaliana kwa furaha, na Mama akabaki na vishimo viwili.

Ugomvi wangu na Kirsty ulibaki kwenye lile tundu la ubavuni. Leza haipindi kona. Ndani ya tundu iliona giza, na kwenye sponji mashine ilichonga giza hilo kama kishimo kifupi. Kirsty alisema tupake rangi nyeusi, mgeni ataona kina. Nikamwambia kuna mgeni mmoja ambaye haji kuona. Nikataka nimchonge yule wa ndani, mapaja na mikono, pale mkono wa mtu unapoweza kufika. Akasema ni kazi ya siku nyingi kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona. Nikamjibu kwa upole wangu wote kwamba nimeshamimina gamba la kobe mara tatu kwa ajili ya watoto wa watu, na hili nitamimina. Akanyoosha mikono juu.

Kwa kuwa hakuna picha ya ndani, nilimnakili jirani yake, sanamu ya kushoto, iliyochongwa na mafundi wale wale na haijafunikwa. Nilifinyanga kwa udongo, nikatengeneza kalibu, nikamimina, nikapachika ndani ya ganda la Mama. Vidole nilivitengeneza kimoja kimoja. Wakati huo Mwanahawa alikuwa ananiuliza mezani kama bado nina mke, na binti yetu, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliniambia, "Baba, you know it's a fake cave, right?" Nikasema najua, mwanangu, na nikarudi kazini. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, na niliipenda kuliko zote.

Siku moja kabla ya ufunguzi, makumbusho yakiwa yamefungwa kwa wageni, Sulochana akamleta mama yake. Ni mtu mdogo sana, kwenye kiti cha magurudumu, sari ya pamba, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Mlangoni akavua ndara zake. Kandasamy akavua, Baraka akavua, mimi nikavua, na Kirsty akafungua kamba za buti zake za kazi akabaki na soksi mbili zisizofanana. Tukaingia.

Bibi akainua pua, akanusa, akasema kitu kwa Kitamil, Sulochana akacheka. "Anauliza, pango gani hili lisilo na popo?" Nikaomba radhi kwamba popo hawakuwemo kwenye bajeti. Tukamsogeza mpaka ubavuni mwa Mama wa Kilima. Hakuhitaji kuonyeshwa. Kwa mkono mmoja akainua kidogo sari nyekundu tuliyoivika sanamu, na wa pili akaupenyeza kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayetafuta chumvi kwenye kabati lake mwenyewe.

Akapapasa. Uso wake ulikuwa unatabasamu, kisha ukaacha. Akapapasa tena. Akautoa mkono akauweka mapajani.

"Si yeye," akasema, na Sulochana akatafsiri.

Sulochana akapiga magoti mbele ya mama yake, wakazungumza haraka haraka. Kisha akanigeukia. "Kidole gumba cha mkono wa juu. Anasema kwake kimevunjika ncha, tangu zamani, na pale pana kishimo. Watoto walikuwa wanaweka ncha ya kidole humo. Ndivyo walivyokuwa wanamsalimu. Huyu wako, anna, ana vidole vyote."

Bila shaka alikuwa navyo. Jirani yake alikuwa navyo, nami nilimnakili jirani. Nilimwangalia Kirsty. Ukumbi ulikuwa umeshakaguliwa, umeshapigwa picha, na kanuni inakataza zana yoyote ndani yake, achilia mbali patasi. Kirsty akaniangalia mimi, akamwangalia bibi, halafu akageuka ukutani akaanza kusoma kwa makini maelezo aliyoyaandika mwenyewe. "Sioni kitu," akasema. "Fanya haraka."

Kisu changu kidogo cha plasta huwa mfukoni, hata harusini. Nikapiga magoti, nikauingiza mkono mpaka begani, shavu langu limebanwa kwenye ubavu wa Mama wa Kilima. Sikuona chochote. Nikakitafuta kidole gumba kwa kugusa, nikaweka ncha ya kisu, nikaogopa. Ndipo nikasikia mkono mwingine unaingia pembeni ya wangu, mwembamba, wa baridi. Vidole vya bibi vikapanda juu ya vyangu, vikanisogeza chini kidogo, vikabonyeza. Nikakata. Kipande kikaanguka ndani, tukakisikia sote.

"Bado," akasema. Sikuhitaji tafsiri.

Nikachimba. Akapima kwa kucha yake, akanipiga kofi dogo mkononi: ndani zaidi, siyo upana. Nikachimba tena, taratibu, unga wa plasta unanimwagikia kwenye mkono wa shati. Nyuma yangu Baraka alikuwa ananong'ona sala, ya nani sijui. Bibi akapima mara ya mwisho, kisha akausukuma mkono wangu nje kabisa, kama anavyomfukuza mtu jikoni kwake.

Wake ukabaki. Nilimwona bega likishuka, kisha shingo, kisha uso wote ukalegea, na akaanza kusema, polepole, kwa sauti ya mtu anayepiga soga na jirani kizingitini. Sulochana alitufasiria ya mwanzo. Alikuwa anamweleza kwamba amechelewa kwa sababu alihamia mbali. Kwamba mumewe amekwishatangulia. Kwamba huku wanamtoa damu, wanaiosha, wanamrudishia, na wauguzi ni wazuri.

"Kwa dini yetu mwalimu huyu hasikii," Sulochana akaniambia, machozi yakimtoka. "Ameshaondoka duniani, hajibu mtu. Mama yangu anajua hivyo kuliko mimi."

Bibi akaendelea kusema. Sulochana akasikiliza sentensi nyingine moja, akafungua mdomo kuitafsiri, akaufunga.

"Haya sasa siyo yetu," akasema.

Tukatoka mmoja mmoja, kila mtu na viatu vyake mkononi, na Kirsty akaurudisha mlango polepole usije ukalia.